Matumbawe Hayasahau

Nenda Mbalibali, wilayani Serengeti, wakati wa masika. Mvua ikikatika utaona maji yanateremka na rangi ya chai ya maziwa. Ukiuliza, huenda ukajibiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu. Jibu hilo mimi silikubali, na shahidi wangu wa kwanza yuko baharini, Malindi, nchini Kenya.

Shahidi huyo ni tumbawe. Hujijengea mwili wa chokaa, tabaka kwa tabaka, mwaka hadi mwaka. Mto Sabaki unapomwaga udongo wa bara, madini ya bariamu huingia katika chokaa hiyo. Mwaka 2007 watafiti walitoa hesabu ya miaka 300. Tangu 1700 hadi 1900 udongo haukubadilika sana. Baada ya hapo ulipanda mfululizo, na kati ya 1974 na 1980 ukafikia mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Watu walikuwa wameongezeka, misitu imekatwa, na ukame umeiacha ardhi uchi.

Je, tumbawe lililokufa zamani, au la bahari baridi yenye kina, ambalo tabaka zake hazihesabiki? Hilo nalo lina saa yake. Likiwa hai hunyonya urani kutoka maji ya bahari, lakini thoriamu karibu hakuna. Urani hugeuka kuwa thoriamu polepole, kwa mwendo usioyumbishwa na joto wala mvua. Pima vyote viwili, utapata umri, hata wa miaka laki kadhaa. Ila jiwe liwe halijaharibiwa na maji yaliyopenya baadaye.

Mto Mara unaishia Ziwa Victoria, kusiko na matumbawe. Huku shahidi ni tope, ambalo umri wake hupimwa kwa kaboni na risasi zenye mionzi. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya tope la kinamasi cha Mara, kumbukumbu ya miaka 2,000: mabadiliko ya kasi yalianza miaka ya 1960.

Wazee wetu huhesabu miaka kwa marika ya tohara. Basi tuhesabu nao: miaka ya 1960 si enzi za mababu, wengi walioishuhudia wako hai. Kilicholetwa na jembe la juzi hakijawa desturi. Jembe hilo hilo laweza kuchimba makinga maji.