Klorini: rafiki wa mtu, adui wa sato

Unataka kufuga sato na kuotesha mchicha kwa maji yale yale, hapo hapo uani Tandale? Anza na historia ya bomba. Mwaka 1908 Jersey City, Marekani, ilianza kutia klorini kwenye maji ya mji mzima, na miji mingi ikafuata. Dar es Salaam nayo hutibu hivyo maji ya Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu (1959) na Ruvu Chini (1976). Umuhimu wake tulikumbushwa Agosti 2015, kipindupindu kilipozuka Kinondoni.

Shida ni kwamba klorini haichagui. Inaunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria ambao Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenganisha maabara mwaka 1890: wale wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe, kuwa naitreti, chakula cha mchicha.

Dawa yake ni subira. Acha maji kwenye pipa lililo wazi siku moja au mbili, klorini iishie hewani. Kisima kifupi je? Klorini hakina, ila vyoo vya shimo viko jirani, na chumvi nayo huwepo; pima kwanza.

Na yale ya kwenye pipa ni ya sato, siyo ya kunywa.