Upandaji wa miti shuleni, Kahawa Wendani

Upandaji wa miti shuleni ni mpangilio wa miti, ua na nyasi unaopoza madarasa na kupunguza matumizi ya umeme na maji. Kahawa Wendani, mtaa wa Kaunti ya Kiambu kando ya barabara kuu ya Thika, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, uko takriban digrii 1.2 kusini mwa ikweta. Jua la asubuhi hupiga kuta za mashariki, la alasiri za magharibi. Huko ndiko kivuli kinakohitajika zaidi.

Muringa na mukinduri, miti ya asili, hutandaza matawi mapana. Mgrevilea, uliotoka Australia, umezoeleka kama mti wa kivuli katika mashamba ya kahawa. Mkaratusi hunywa maji mengi, hivyo haufai karibu na kisima.

Miche hutiwa ardhini masika yanapoanza, Machi, au wakati wa vuli, Oktoba. Udongo wa shimo huchanganywa na samadi. Shina huzungushiwa majani makavu yaliyoachwa mbali kidogo na gome, lisioze. Ua wa kayaba wenye miiba huzuia mbuzi na vumbi la barabarani.