Tukumbuke Kalehe

Ndugu wasikilizaji, ninyi mliokimbia vita na ninyi machefu mliowapokea, tukumbuke Kalehe. Mwezi wa 10 mwaka 2014 mafuriko yalibomoa nyumba zaidi ya 700 huko. Watu wakajenga tena palepale, kwani shamba na soko viko pale. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi, mito ilishuka na mawe. Huko na Bushushu wakafa watu zaidi ya 400. Serikali ikatangaza maombolezo tarehe 8 Mei. Lakini msaada hufika maji yakiisha kupita. Basi machefu, onyesheni mapema mahali pa kukimbilia. Orodha ya msaada isomwe hadharani, mwenyeji na mgeni wakisikia. Maji hayakuuliza kabila. Orodha nayo isiulize.