Taifa lijibu vipi ugaidi? Iringa na Mbeya zina funzo

AGOSTI 7, 1998, asubuhi ya siku ya Ijumaa, lori lililosheheni milipuko lililipuka kwenye lango la Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam. Watu 11 walipoteza maisha na makumi wengine wakajeruhiwa. Karibu wakati huohuo ubalozi wa nchi hiyo jijini Nairobi nao ulishambuliwa, na huko waliouawa walizidi 200. Wengi wa waliokufa katika miji yote miwili walikuwa Waafrika.

Tangu siku hiyo, swali la namna taifa linavyopaswa kujibu mashambulizi ya aina hiyo limekuwa la Watanzania wote. Mkazi wa Iringa au Mbeya anaweza kudhani jambo hilo ni la pwani na miji mikubwa. Lakini Nyanda za Juu Kusini ndizo njia kuu ya kusini. Barabara ya Tanzania na Zambia, reli ya TAZARA na bomba la mafuta la TAZAMA vyote vinapita huko kuelekea mpaka wa Tunduma, mji uliokuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya hadi ulipoundwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016.

Majibu mawili

Shambulio la 1998 lilijibiwa kwa njia mbili tofauti. Agosti 20, 1998, Marekani ilirusha makombora nchini Afghanistan na Sudan. Mjini Khartoum, kombora liliteketeza kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, na ushahidi uliotolewa kuhalalisha shambulio hilo umetiliwa shaka tangu wakati huo.

Njia ya pili ilikuwa mahakama. Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Afrika Kusini mwaka 1999, akahukumiwa kifungo cha maisha jijini New York mwaka 2001. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba alikabidhiwa kwa Marekani kinyume cha sheria, kwa kuwa haikuombwa kwanza ahadi kwamba hatanyongwa. Ahmed Khalfan Ghailani, naye Mtanzania, alipewa kifungo cha maisha mwaka 2011. Njia hii ilikuwa ya polepole, lakini iliwaadhibu watu waliothibitishwa kuhusika.

Iringa ilivyoonja hasira ya dola

Agosti 17, 1891, jeshi la Mtwa Mkwawa liliangamiza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo. Wahehe hawakuwa magaidi. Walikuwa wakilinda nchi yao. Lakini jibu la dola ya kikoloni linatufaa kama funzo. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilipigwa kwa mizinga na kutekwa. Hata hivyo, mapigano hayakuisha. Yaliendelea hadi Mkwawa alipojiua mwaka 1898, na fuvu lake lilirejeshwa mwaka 1954 tu. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Adhabu ya jumla haikuwatenga wenye silaha na wasio nazo.

Iringa hiyohiyo ina mfano mwingine. Desemba 25, 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi huko Isimani. Haukuwa ugaidi, lakini ulikuwa mshtuko mkubwa kwa Serikali iliyokuwa ikiendesha siasa ya Ujamaa. Mtuhumiwa, mkulima Said Mwamwindi, alifikishwa Mahakama Kuu, akapata wakili wa kumtetea, na mwaka 1972 akahukumiwa kifo. Hukumu ilimwangukia mtu mmoja aliyesikilizwa hadharani.

Sheria yenye makali pande mbili

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 1373 lililozitaka nchi zote ziuzuie ugaidi. Tanzania ikatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi, Namba 21 ya mwaka 2002, iliyopingwa mapema na baadhi ya taasisi za Kiislamu na watetezi wa haki za binadamu.

Matumizi yake yameonyesha kwa nini. Viongozi wa Uamsho wa Zanzibar walioshitakiwa mwaka 2014 walikaa mahabusu hadi Juni 2021, mashtaka yalipoondolewa bila hukumu. Mwenyekiti wa CHADEMA wa wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa Julai 2021 akaachiwa Machi 2022 kwa namna hiyohiyo. Kesi inapoisha hivyo, mshitakiwa hasafishwi, na raia hajui kama alikuwa hatarini au la.

Hatari yenyewe ni ya kweli. Polisi wanane waliuawa Kibiti Aprili 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilivamiwa na wapiganaji kutoka Msumbiji. Nchi haiwezi kukaa kimya.

Macho ya raia

Wa kwanza kumwona mtu asiyeeleweka ni dereva wa lori Tunduma, mama lishe wa stendi ya Mbeya, au balozi wa nyumba kumi. Watasema wanachokijua iwapo wanaamini kwamba jirani yao hatakamatwa kwa sababu ya dini au kabila lake. Vilevile, wahamiaji wa Ethiopia na Somalia wanaopita njia hiyo kuelekea Afrika Kusini wasichanganywe na magaidi. Mwaka 2012 zaidi ya 40 kati yao walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Hao walikuwa wahanga wa wasafirishaji haramu.

Hasira hasara, walisema wahenga. Taifa lililoshambuliwa halina budi kupeleleza kwa makini, kushitaki hadharani na upesi, na kuwahudumia waliojeruhiwa. Gaidi hutaka wananchi waogopane na dola iwaogope wananchi wake. Kulipiza kwa pupa ni kumkamilishia kazi hiyo.