Makarani wa Tanga

Mtoto wa Tanga aliyesoma katika miaka ya 1880, alisoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Alikaa mkekani mbele ya mwalimu, ubao mapajani, akaandika aya kwa wino, akairudia mpaka ikamkaa kichwani, kisha ubao ukaoshwa kungojea aya nyingine. Aliyeendelea vizuri aliweza baadaye kuandika hati ya deni, wosia au barua ya Kiswahili kwa herufi hizo hizo za Kiarabu. Kwa hiyo Wajerumani walipofungua shule mjini humo mwaka 1892, ya kwanza ya serikali katika koloni lao la Afrika Mashariki, hawakukuta pwani isiyojua kalamu. Walileta herufi nyingine, na kazi nyingine ya kufanywa kwa herufi hizo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ofisi. Nchi kubwa ilitawaliwa na mabwana shauri wachache, wakuu wa wilaya wa Kijerumani waliokaa bomani, na chini yao maliwali, maakida na majumbe. Amri zilipaswa kufika vijijini na majibu kurudi. Kodi iandikwe, bidhaa za forodhani zihesabiwe. Kumwagiza karani kutoka Ulaya kwa kila meza lilikuwa jambo la gharama. Kijana wa pwani angeweza kuifanya kazi hiyo, na kwa lugha iliyokwisha kusambaa njia yote ya misafara hadi maziwa makuu.

Gavana Julius von Soden alitaka shule hiyo isifungamane na kanisa, maana watoto aliowahitaji walikuwa Waislamu. Wamishonari hawakupendezwa. Wazazi nao hawakuamini: shule ya Mzungu, wakaona, itaishia kwenye ubatizo tu. Mwanzoni watoto walikuwa haba, na majumbe wakabanwa ili walete wanao na wa jirani zao. Bwana shauri wa Tanga wakati huo alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtu aliyekijua Kiswahili kiasi cha kukitungia kitabu cha kujifunzia. Huko Ulaya jina lake linakumbukwa kwa sababu nyingine kabisa: ua dogo la zambarau alilolipeleka kwao kutoka Usambara, ambalo mwaka 1893 wataalamu waliliita Saintpaulia.

Darasani watoto walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu, kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini. Waliofika mbali waliongezewa Kijerumani. Vijana wengine walisomeshwa ualimu, wakapelekwa kufungua shule ndogo vijijini, na wanafunzi wao bora wakapanda kuja Tanga. Ubavuni mwa madarasa palikuwa na karakana za useremala, za kuchapa na za kujalidi vitabu. Hata matarumbeta yalipigwa, kwa ajili ya gwaride na wageni wa serikali.

Mtambo wa kuchapa ndio uliolipeleka jina la shule mbali. Kutoka mapema katika karne ya 20 mpaka mwaka 1916, shule ya Tanga ilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Wamishonari walikwisha kuwa na magazeti yao. Karibu tu hapo, Magila, wale wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walikuwa wakichapa Habari za Mwezi. Tofauti ya Kiongozi ni kwamba halikuwa la kanisa. Wanafunzi wenyewe walizipanga herufi za risasi, moja moja, kwa vidole. Habari zilitoka kwa makarani, walimu na maakida waliotawanyika bara: mvua imenyesha au imegoma, bei imepanda, mgeni mkubwa amepita. Wengine walituma mashairi. Yaani mtu aliyefundishwa kuandika ili apeleke hesabu ya kodi bomani, aliitumia kalamu ile ile kuwasalimu wenzake wa mbali kwa beti.

Hata hivyo shule za serikali zilibaki chache. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, wanafunzi wake koloni zima walikuwa kama 6,000 hivi, wakati shule za misheni zilihesabu zaidi ya 100,000. Lakini karibu kila aliyemaliza shule ya serikali alikuwa na meza inayomngojea, na meza hiyo ilikuwa ya dola.

Waingereza waliingia Tanga mwaka 1916, na Kiongozi likanyamaza. Watawala wapya waligundua kwamba wamerithi kitu ambacho hawakukizoea katika makoloni yao mengine: wangeweza kumwandikia jumbe wa kijijini barua ya Kiswahili, nayo ikasomwa na kujibiwa. Mwaka 1920 wakaunda Idara ya Elimu, na mwaka 1923 idara hiyo ikaanza kutoa gazeti lake, Mambo Leo. Shule ya Tanga ilifunguliwa tena, na kazi ya kuandaa makarani ikaendelea.

Hapo ndipo jambo lisilotarajiwa likatokea. Mwaka 1922, hapo hapo Tanga, Martin Kayamba aliwakusanya watumishi Waafrika wa serikali wakaunda chama chao. Kayamba alikuwa Mkristo, mwanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja. Katika ofisi za Tanga alikaa na Waislamu waliotoka shule ya serikali. Walikutana, walisoma magazeti, walicheza mpira, na walizungumza habari za mishahara na heshima yao. Wanahistoria hukihesabu chama hicho miongoni mwa mizizi ya African Association ya mwaka 1929, iliyokuja kuzaa chama cha TANU mwaka 1954.

Shuleni nako, chini ya Waingereza, rangi ya mtoto ndiyo iliyoamua shule yake: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na fedha zikigawanywa kwa mafungu yasiyolingana. Utaratibu huo ulifutwa kuanzia Januari 1962, mara baada ya uhuru. Sheria iliyoufuta ilizikabidhi shule za msingi kwa mamlaka za wilaya. Mwaka 1969 serikali ilizichukua na shule za mashirika ya dini, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikavunjwa, zikarudishwa miaka ya 1980. Mwalimu wa shule ya msingi aliyeanza kazi siku za uhuru alibadilishiwa mwajiri kabla chaki yake haijaisha.

Mabadiliko ya masomo yalikuja na siasa. Mwaka 1967 Rais Julius Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea, akiikosoa shule inayomfundisha mtoto kulidharau jembe. Shule zikapata mashamba, mabanda ya kuku na karakana. Mwaka 1977 ikaja UPE, elimu ya msingi kwa wote, na madarasa yakafurika kupita uwezo wa walimu waliokuwapo. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na kuanzia 2004 kata zikaanza kujenga sekondari zao, ambazo watu waliziita tu shule za kata.

Leo shule za umma mjini Tanga zipo chini ya Halmashauri ya Jiji, kutoka darasa la awali hadi kidato cha nne, na nyingine hadi cha sita. Ipo sekondari inayoitwa Old Tanga, ipo Tanga Ufundi, ipo Galanos, iliyobeba jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeurudisha mkondo wa amali kwa nguvu: useremala, ushonaji, umeme, kilimo. Mtu aliyepita karakana za shule ya Mjerumani angeitambua harufu ya randa na gundi.

Angetambua na jambo jingine. Saa za mchana, watoto wa shule za msingi wa Tanga hutoka na mashati meupe na kaptula au sketi za buluu, daftari za Kiswahili begani. Alasiri wengi wao huonekana tena barabara zile zile, wasichana kwa mitandio na wavulana kwa kanzu na kofia, juzuu mkononi, wakienda chuoni kusoma kutoka kulia kwenda kushoto.