Ramogi FM

Ramogi FM ni redio ya kibiashara nchini Kenya inayotangaza kwa Kijaluo. Ni mali ya Royal Media Services, kampuni iliyoasisiwa na Samuel Kamau Macharia na yenye makao makuu Nairobi. Muziki wake mkuu ni benga, ohangla na rumba, na wasikilizaji wake wengi wako Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, ikiwemo ghuba ya Karungu katika Ziwa Victoria. Jina limetokana na Ramogi, babu anayetajwa katika masimulizi ya Wajaluo kuwa aliwaongoza hadi Kenya. Kilima cha Got Ramogi, Siaya, kina jina lake.

Kabla ya FM

Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928, ukiwalenga hasa walowezi wa Kizungu. Mwaka 1964 serikali ya Kenya huru ilitaifisha shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likawa tena Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Katika miongo hiyo Kijaluo kilipewa saa chache tu kwa siku, kikipokezana hewani na lugha nyingine za magharibi mwa nchi.

Kazi kubwa ya kueneza muziki wa Nyanza, eneo la Kenya linalopakana na ziwa, ilifanywa na santuri. Daniel Owino Misiani, aliyeitwa Mfalme wa Benga, alizaliwa mwaka 1940 Shirati, mji wa Tanzania ulio kando ya ziwa, kusini mwa Karungu ng'ambo ya mpaka. Bendi yake ya Shirati Jazz ilisikika pande zote mbili za mpaka. Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa santuri ambaye baadaye alikuwa mbunge, alisambaza benga hadi Zimbabwe, ambako mtindo huo uliitwa kanindo.

Benga ni muziki wa nyumbani kwa maana kamili. Gitaa la solo huchezwa kwa kudonoa nyuzi mojamoja, kama mpiga nyatiti anavyodonoa nyuzi nane za chombo chake. Mwimbaji humaliza beti zake, kisha sauti hunyamaza na magitaa hushika kasi, na hapo ndipo wachezaji huinuka. Santuri ndogo haikutosha kubeba yote hayo, hivyo wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa vipande viwili: mwanzo upande mmoja, kilele upande wa pili.

Kuanzishwa na kukua

Redio binafsi za FM zilianza Kenya mwaka 1996 kwa Capital FM, iliyotangaza kwa Kiingereza. Kameme FM ilifuata mwaka 2000 kwa Kikikuyu, ikaonyesha kwamba lugha ya mama inaweza kuvuta matangazo ya biashara. Royal Media Services, iliyokwisha kuwa na Radio Citizen, ilijenga mlolongo wa redio za lugha za asili: Inooro kwa Wakikuyu, Mulembe kwa Waluhya, Musyi kwa Wakamba, Egesa kwa Wakisii na Ramogi kwa Wajaluo. KBC nayo ina Mayienga FM kwa Kijaluo, na shirika la mazingira la OSIENALA lilianzisha Radio Lake Victoria mjini Kisumu.

Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na huzuiwa na milima. Ndiyo maana kuufikia mwambao wenye vilima kama vya Gwassi kunahitaji mitambo iliyowekwa juu. Juu ya maji ya ziwa hakuna kizuizi, na mpaka wa nchi hauyazuii mawimbi.

Karungu na mwambao

Sori, mji wa ghuba ya Karungu, ni wa wavuvi. Omena, yaani dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi huanikwa juani. Kazi ya namna hii huacha mikono ikiwa na shughuli na masikio yakiwa huru, na redio ndogo ya betri huifaa kuliko chombo kingine chochote.

Si muziki tu unaosikilizwa: tangazo la kifo ni sehemu yenye uzito katika redio za lugha za asili. Hutaja jina la marehemu, wazazi wake, mume au mke, watoto, ndugu na mahali kila mmoja anapoishi, kisha siku ya maziko na boma atakapozikwa. Aliye Nairobi au Mombasa hujua hapo hapo kama anapaswa kufunga safari.

Umuhimu

Misiani alifariki katika ajali ya barabarani Mei 2006, na wengi wa kizazi chake wametangulia. Santuri zao zimechakaa, na mashine za kuzichezea ni adimu. Redio ya kibiashara huishi kwa matangazo, lakini kwa kurudia benga ya zamani Ramogi FM imefanya kazi ambayo hakuna makumbusho yangeifanya kwa upana huo: kijana anayeanika omena Sori anaufahamu wimbo ambao babu yake aliununua vipande viwili, naye anausikia mzima, mpaka kileleni.