Sir John Kirk ni Nani? Daktari wa Mimea Aliyesaidia Kufunga Soko la Watumwa Zanzibar

Ukitoka Kuze ukavuka daraja la Nyali, mbele kidogo unafika Kengeleni, pale kwa kengele ya Freretown. Wengi wenu mnapajua kama steji ya matatu tu. Lakini kijiji cha Freretown kilianzishwa 1875 kuwapokea watu waliotolewa utumwani, na stori yake inapitia kwa msee aliyekuja Afrika kuchuma majani. Chanuka.

Alitoka wapi?
Kirk alizaliwa 19 Desemba 1832 huko Barry, Scotland. Alisomea udaktari Edinburgh, na mwaka wa 1858 akaandamana na David Livingstone kwenye safari ya mto Zambezi. Job zake zilikuwa mbili: kutibu wasafiri na kukusanya mimea. Mwaka wa 1860 mtumbwi ukapinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa, na maandishi na michoro yake mingi ikaenda na maji. Bado hakuacha.

Sumu kwenye mswaki
Hii ndiyo noma. Wawindaji wa huko walipaka mishale yao sumu ya mmea uitwao kombe. Kirk alitia sampuli mfukoni pamoja na mswaki wake. Siku moja anapiga mswaki, anasikia uchungu mkali, na mapigo ya moyo yanashuka. Akashtukia: hii kitu inagusa moyo! Mtaalamu Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza, ikazaliwa dawa ya moyo iitwayo strofanthini. Lakini tuwe wakweli: wenye elimu hiyo kwanza walikuwa wale wawindaji. Angalau jina lao limebaki kwenye mmea, *Strophanthus kombe*.

Kutoka dawa hadi siasa
1866 alifika Unguja kama daktari wa ubalozi wa Uingereza, akapanda ngazi hadi kuwa balozi mdogo. Mapema 1873 Bartle Frere alikuja kumshawishi Sultani Barghash aache biashara ya watumwa, akatoka mikono mitupu. Kirk akarudi na tishio: usiposaini, meli za kivita zitazingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akasaini, na soko likafungwa.

Je, utumwa uliisha hapo?
Zii. Mkataba ulizuia kusafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni, lakini waliokuwa na mabwana walibaki nao. Zanzibar ilifuta utumwa kisheria 1897, na pwani yetu ikangoja mpaka 1907. Ndiyo maana Freretown, iliyopewa jina la Frere, ilikuwa na maana: palikuwa mahali pa kuanza maisha upya.

Jina lake liko wapi leo?
Kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja, kisayansi ni *Piliocolobus kirkii*. Digidigi naye ni *Madoqua kirkii*.

Kirk alifariki 15 Januari 1922. Watu wa Freretown waliacha kizazi, na wajukuu wao bado wako Kisauni. Ukipita Kengeleni, wakumbuke hao kwanza.